Basi la Malindi Katika Mji wa Bandari: Uchambuzi wa Kisa cha Ziara ya Siku Moja Mombasa

Usuli

Kisa hiki kinahusu kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana mjini Malindi, chenye wanachama wa kila rika: akina mama wanaouza samaki na nguo, wazee waliostaafu, na vijana wachache ambao riziki yao ni kutembeza wageni mjini na baharini. Majina ya watu, ya kikundi na ya mwenye basi yameondolewa, na maelezo machache ambayo yangeweza kuwatambulisha wahusika yameachwa. Mwandishi alisafiri na kikundi hicho akiwa mshauri wa vijana, na baada ya safari alikaa na mratibu, mwenyekiti na dereva kuupitia upya mwenendo wa siku nzima.

Vijana hao walikuwa na nia ya kuanzisha ziara yao wenyewe ya mji wa Malindi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi ndani ya basi la ziara kama mgeni, akiongozwa na mtu mwingine na kungojea kuonyeshwa kitu. Wazo la kwenda Mombasa lilitokana na pengo hilo. Akina mama waliliunga mkono kwa sababu zao, kwa kuwa wengi wao hufika Mombasa kununua bidhaa na kurudi siku hiyohiyo, wakiujua mji kwa maduka ya Marikiti na Kongowea tu. Ilikubaliwa kwamba gharama itolewe katika mfuko wa ustawi wa kikundi, kila mwanachama aongeze kiasi fulani, na vijana waandike taarifa fupi watakaporudi.

Mombasa iko umbali wa takriban kilomita 120 kusini mwa Malindi kwa barabara ya pwani. Ni mji ulio kisiwani, na bandari yake ya Kilindini ndiyo mlango wa bidhaa za Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na sehemu ya mashariki ya Kongo. Mwaka 2024 ilihudumia zaidi ya makasha milioni 2 kwa kipimo cha kasha la futi 20. Malindi nayo ni mji wa bahari, ila bahari yake ni ya mashua, ngalawa na boti za uvuvi, na mtu anaweza kuishi miaka mingi karibu na jeti bila kuona meli ya shehena ikipita karibu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowavuta watu, kuliko makumbusho na majengo ya kale ambayo Malindi na Gede wanayo ya kutosha.

Mpango ulivyoandaliwa

Mratibu alikuwa kijana wa kike mwenye bidii na mwandiko safi wa ratiba. Aliorodhesha vituo sita: ziara ya ndani ya bandari saa tatu asubuhi, Ngome ya Yesu, Mji wa Kale, chakula cha mchana, bustani ya pwani ya Mama Ngina pamoja na kivuko cha Likoni, kisha kituo cha reli ya kisasa huko Miritini kabla ya kurudi nyumbani. Kwenye karatasi vyote vilienea. Kila kituo kilipewa saa moja au zaidi kidogo, na mwendo wa kutoka kituo kimoja hadi kingine ulihesabiwa kwa kuangalia ramani ya simu usiku, wakati barabara ni tupu.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Ijumaa. Sababu yake ilikuwa ya kawaida na ya kweli: mwisho wa juma mabasi ya kukodi hushikwa na arusi na mazishi, bei hupanda, na Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo mwenye basi alikubali kupunguza. Mzee mmoja aliuliza katika mkutano wa maandalizi, "Mwanangu, na sala ya Ijumaa tutaisali wapi?" Mratibu akamjibu kwa adabu kwamba misikiti Mombasa haina uhaba, jibu lililowafanya wengi wacheke na suala likaishia hapo.

Kuhusu bandari, mwenyekiti alikuwa na jamaa yake aliyefanya kazi kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo forodhani. Jamaa huyo aliambiwa kwa simu kuhusu ujio wa kikundi, akasema hakuna shida, waje tu. Barua iliandikwa ikiwa na jina la kikundi na idadi ya watu, na ikatumwa kwa jamaa huyo ili aifikishe panapohusika. Jibu la maandishi halikurudi, na hakuna aliyelidai.

Kijana mmoja mwenyeji wa Mombasa, mtembezaji wa kazi, alikodiwa kwa simu ili apande basi kwenye Daraja la Nyali. Aliambiwa idadi ya watu na saa ya kufika. Hakuelezwa wageni wake ni akina nani.

Kutoka Malindi hadi Daraja la Nyali

Basi liliondoka saa kumi na moja na nusu, mara tu baada ya sala ya alfajiri. Hadi Kilifi mwendo ulikuwa mwema, na dereva alipunguza kasi kwenye daraja la mkono wa bahari wa Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 na kuondoa kivuko cha hapo. Wazee walioukumbuka wakati wa pantoni walipata la kusimulia. Kuanzia Mtwapa mambo yakabadilika. Barabara ilikuwa na kazi ya upanuzi, magari ya wafanyakazi na ya shule yalikuwa yanaingia mjini kwa pamoja, na basi lililotarajiwa kufika Nyali saa mbili lilifika saa tatu na nusu.

Katika msongamano huo ndipo kasoro ya vifaa ilipojitokeza. Vipaza sauti vya basi vilifungwa kwa ajili ya muziki, viwili mbele na kimoja nyuma ambacho kilikuwa kimekufa. Mtembezaji alipopanda na kuanza kueleza kuhusu daraja, kwamba lilifunguliwa mwaka 1980 na kwamba kabla yake kulikuwa na daraja la kuelea la mwaka 1931, walioketi nyuma walisikia mngurumo tu. Wakaanza kuzungumza wao kwa wao, na kelele zao zikawazibia masikio hata wa katikati. Mkono wa kushoto mkondo ulionekana ukishuka kuelekea Bandari ya Kale, mkono wa kulia ukipanda Tudor, lakini walioambiwa hivyo ni safu tano za mbele.

Langoni mwa bandari

Saa nne na dakika chache basi lilisimama karibu na lango la bandari. Bandari ni eneo linalolindwa kwa sheria, na tangu tarehe 1 Julai 2004, zilipoanza kutumika kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, kila anayeingia hutakiwa ajulikane jina, kitambulisho na shughuli inayompeleka. Mlinzi aliipokea nakala ya barua, akaisoma yote bila haraka, kisha akaeleza kwamba haina majina wala nambari za vitambulisho, haina nambari ya basi, na hakuna idhini iliyomfikia yeye. Jamaa wa mwenyekiti alipigiwa simu, akasema yuko kazini, atawapigia baadaye.

Wakati huo kijana mmoja dirishani alipiga picha lango pamoja na malori yaliyopanga foleni. Mlinzi wa pili akaja. Mwenyekiti, mama wa makamo asiyepandisha sauti, alishuka akamwambia, "Afande, utuwie radhi, hawa ni watoto wangu na hawakujua." Picha ikafutwa mbele yake na jambo likaisha. Inafaa isemwe wazi kwamba walinzi wale walifanya kazi yao ipasavyo, na hata lugha yao ilikuwa njema kuliko ya baadhi ya abiria wetu.

Ndani ya basi zilitolewa rai mbili. Wengine walitaka kungoja, kwa hoja kwamba bandari ndiyo sababu ya safari na kwamba jamaa angepiga simu wakati wowote. Wengine walitaka ziara ya bandari ifutwe na waende moja kwa moja ngomeni. Mratibu hakufuata rai yoyote kati ya hizo. Alimuuliza dereva Likoni ni mwendo wa dakika ngapi kutoka pale, akamuuliza mtembezaji hali ya kivuko huwaje saa hizo, kisha akatangaza kwamba kituo cha tano kitakuwa cha kwanza: basi litaachwa upande wa kisiwani, watu watavuka kwa miguu na kurudi, na bandari itatazamwa kutoka majini.

Sababu alizozieleza baadaye zilikuwa tatu. Kivuko hakihitaji idhini ya mtu, na waendao kwa miguu hawalipi. Saa tano asubuhi umati wa wafanyakazi unaoingia kisiwani huwa umekwisha, na ule wa jioni wa kurudi Likoni bado. Sababu ya tatu, aliyoisema kwa kusitasita kidogo, ni kwamba aliona nyuso za wazee zimeanza kununa, na alijua kwamba watu waliokaa nusu saa nyingine wakitazama ukuta wasingemsikiliza tena siku nzima.

Kivukoni Likoni

Mlango wa Likoni ndio njia pekee ya meli kuingia Kilindini. Feri zinaukata mlango huo kwa upana, meli zinaupita kwa urefu, na meli kubwa inapokaribia, feri husubiri. Kikundi kilivuka kwa utulivu, akina bibi wakishikwa mkono na vijana, na upande wa magharibi kreni za gati zikaonekana zimesimama juu ya makasha yaliyopangwa kwa rangi zake.

Miongoni mwa wazee alikuwamo mmoja aliyefanya kazi gatini kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwao Malindi. Tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa. Walipokuwa upande wa Likoni wakingoja kurudi, feri ilizuiwa, na meli ya magari ikaingia kutoka baharini, chombo kirefu chenye ubavu ulionyooka kama ukuta wa ghorofa, ikiwa na tagi, yaani boti za kuvuta meli, mbele na nyuma. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti kama ile ni nyumba au ni chombo. Mzee akamjibu, "Chombo, Bi Mkubwa, na tumbo lake lote ni magari. Hebu zitazame zile nambari nyeupe pale puani."

Akaanza kueleza. Nambari zilizopakwa kwenye pua ya meli huonyesha imezama kina gani, na mtu wa gatini huzisoma kabla ya kusoma jina. Mombasa hupokea mzigo mwingi kuliko inavyotoa, kwa hiyo meli ya makasha aghalabu huingia imekaa chini na kutoka imenyanyuka, nyingi zikirudisha makasha matupu. Nahodha haiingizi meli kubwa namna ile kwa ujuzi wake peke yake. Rubani wa bandari huifuata nje kwa boti, akapanda kwa ngazi ya kamba, kisha yeye ndiye anayeelekeza njia hadi gatini. Alieleza pia hali ilivyokuwa kabla ya makasha kutawala: magunia ya kahawa na ya saruji yakiinuliwa kwa nyavu za kamba, makuli wakiyapanga kwa mabega ndani ya ngama, yaani tumboni mwa meli, na meli moja ikikaa gatini siku nyingi kwa kazi ambayo leo humalizika haraka. Vijana walimuuliza kuhusu migomo, naye akataja ule wa Januari 1947 alioupata kwa kusimuliwa na wakubwa zake kazini, na ule wa makuli wa mwaka 1955 ambao Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alihusika katika mazungumzo ya kuumaliza.

Abiria wengine wasio wa kikundi walisogea kusikiliza. Mtembezaji aliyekodiwa, kwa heshima yake, alinyamaza, na waliporudi garini akampa mzee kipaza sauti. Mratibu aliwapanga upya watu wa safu za nyuma wakae kwenye ujia na safu za mbele kwa kubanana wakati basi limesimama, ili wamsikie, na basi halikuondoka hadi mzee alipomaliza. Dereva alilalamika kuhusu muda. Mratibu akamwambia, "Kaka, tutafidia mbele."

Ngome, sala na Mji wa Kale

Hapakuwa na cha kufidia. Kwa kuwa safari ilianzia Likoni, basi lilipita bustani ya Mama Ngina likielekea ngomeni, na bahari ikawa mkono wa kulia, upande usio wa mlango. Kila aliyetaka kushuka kununua madafu au mihogo ilibidi akate barabara. Kwa mwelekeo wa awali, kutoka ngomeni kwenda Likoni, bahari ingekuwa kushoto, na watu wangeshukia penye mibuyu na upepo moja kwa moja. Wazee kadhaa hawakushuka kabisa.

Basi lilifika Ngome ya Yesu saa sita na robo. Malipo ya langoni yalikuwa ya simu, ilhali mweka hazina alikuwa amebeba fedha taslimu ndani ya mkoba. Ilimbidi amtafute wakala aweke fedha kwenye simu, na wanaume wakaondoka kwenda sala ya Ijumaa kabla tiketi hazijapatikana. Akina mama waliingia na mtembezaji. Wanaume waliporudi, waliizunguka ngome wenyewe kwa muda mfupi, bila maelezo.

Katika Mji wa Kale basi lisingeweza kuingia, jambo ambalo kila mkazi wa pwani angelijua kwa kukumbuka vichochoro vyake. Waliokuwa na maumivu ya magoti walibaki kwenye bustani iliyo karibu na ngome pamoja na vijana wawili. Wengine walipita Ndia Kuu na Msikiti wa Mandhry, ambao asili yake ni mwaka 1570, hadi penye mandhari ya Bandari ya Kale. Maduka mengi yalikuwa bado yamefungwa baada ya sala. Chakula kililiwa saa tisa badala ya saa saba, biriani likiwa limepoa, na maneno yaliyosemwa juu ya biriani hilo hayana haja ya kurudiwa.

Kituo kilichoachwa

Saa kumi mratibu aliamua kituo cha Miritini kiachwe. Njia ya kwenda huko hupita Changamwe, ambako malori ya makasha hujipanga jioni, na dereva alikuwa na mipaka ya saa zake. Vijana wawili walisikitika sana, kwa sababu treni ya Madaraka iliyoanza safari mwaka 2017 ndiyo waliyoitamani tangu nyumbani. Basi likarudi kaskazini kupitia Nyali, likakutana na msongamano wa jioni, na likafika Malindi baada ya saa mbili usiku. Mwenye basi alidai malipo ya muda wa ziada. Alilipwa kutoka katika fedha zilizotengwa kwa ajili ya mkutano wa mwisho wa mwaka, na malalamiko kuhusu hilo yalichukua sehemu kubwa ya mkutano uliofuata.

Matokeo

Juma lililofuata kila mwanachama aliombwa aeleze jambo moja analolikumbuka. Karibu wote walitaja meli ya magari na mzee akiieleza. Waliotaja ngome walikuwa akina mama walioingia na mtembezaji, na hata wao walieleza zaidi kuhusu urefu wa kuta kuliko habari yoyote waliyoambiwa. Lango la bandari lilitajwa na vijana pekee, tena kwa kicheko. Hakuna aliyetaja tarehe hata moja.

Vijana waliandika taarifa yao. Ilikuwa na malalamiko mengi na mapendekezo machache, lakini mapendekezo hayo yalikuwa mazuri.

Uchambuzi: kwa nini kivuko kilifaulu

Ni rahisi kusema kwamba mratibu alipata bahati kwa kuwa meli ilipita. Meli hiyo kweli haikupangwa. Lakini mlango wa Likoni una chombo kinachofanya kazi karibu saa zote, na hata bila meli ya magari kikundi kingeona feri zikipishana, kreni kwa mbali, na umati wenye mizigo yake. Mratibu aliichagua sehemu ambayo kazi ya bandari hufanyika hadharani. Ndani ya bandari yenyewe, kwa kikundi cha watu wengi kinachozungushwa ndani ya basi bila kushuka, yanayoonekana ni kuta za makasha na migongo ya maghala. Mtu huwa karibu na kazi lakini haielewi. Kwa maoni ya mwandishi, hata kama idhini ingekuwapo, kivuko kingebaki kuwa kituo bora zaidi cha siku, na ziara ya ndani ingefaa vijana peke yao, kwa gari dogo, siku nyingine.

Uamuzi ule ulikuwa na sifa nyingine inayostahili kuigwa. Mratibu aliuliza watu wawili wenye ujuzi kabla ya kutangaza, dereva kuhusu njia na mtembezaji kuhusu umati, na alitangaza mara moja tu bila kurudisha jambo kwenye kura. Wakati watu wamekwisha kununa, kupiga kura ndani ya basi huzaa pande mbili ambazo huendelea kuzozana hadi jioni.

Uchambuzi: idhini na ujamaa

Kosa la lango halikuwa la jamaa wa mwenyekiti. Alitoa alichoombwa, yaani neno la kutia moyo, na kikundi kikalichukulia kuwa ni ruhusa. Katika miji yetu mambo mengi hupita kwa njia hii na hupita salama: nafasi ya arusi, mkopo mdogo, kitanda cha mgonjwa. Bandari ni mahali ambapo ujamaa hauna pa kuingilia, kwa kuwa anayeamua ni mlinzi aliye na orodha, na orodha haina ndugu. Orodha ya majina na vitambulisho, nambari ya usajili wa basi na jibu la maandishi vilihitajika kabla hata ya kutafuta basi, kwa sababu siku ya ziara ingepaswa kufuata siku ya idhini.

Uchambuzi: ratiba na saa za mji

Mji wa bandari una saa zake, na ratiba ya vituo sita haikuzitazama. Asubuhi watu huingia kisiwani, jioni hutoka. Malori hujaa Changamwe. Ijumaa adhuhuri Mji wa Kale hufunga. Kila moja kati ya haya lilijulikana na angalau mtu mmoja ndani ya basi. Mzee aliyeuliza kuhusu sala alikuwa ameuliza swali la ratiba, na lilijibiwa kama swali la ibada. Angejibiwa kwa ukamilifu, ingeonekana mara moja kwamba ngome na Mji wa Kale havingeweza kukaa katikati ya siku hiyo.

Ijumaa yenyewe haikuwa lazima iachwe. Kama kikundi kingeanza na kivuko, kikafuatisha ngome kabla ya saa sita, kikapumzika kwa sala na chakula, kisha kikamaliza na Mama Ngina alasiri bahari ikiwa mkono wa kushoto, vituo vinne vingetosha na basi lingetoka kisiwani kabla ya umati wa jioni. Punguzo la bei lilikuwa la kweli, lakini malipo ya muda wa ziada yalilimeza.

Upande wa bahari unaonekana ni jambo dogo hadi umwone bibi mwenye fimbo akikadiria barabara anayopaswa kuikata. Basi letu lina mlango mkono wa kushoto. Njia ya ziara ya pwani ichorwe kwa kufuata mlango huo.

Uchambuzi: mtembezaji na hadhira yake

Mtembezaji alikuwa mwadilifu na aliijua kazi yake, na haitakuwa haki kumlaumu kwa kuwapa watu wa Malindi maelezo yaleyale anayowapa watalii wa kutoka Ulaya. Hakuambiwa chochote kuwahusu. Aliwaeleza kwamba ngome ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ikachorwa na Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ikazingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, ikawa gereza hadi 1958, na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2011. Yote ni sahihi.

Alichokiacha ndicho kilichowahusu. Vasco da Gama alipokosa mapokezi Mombasa mwaka 1498 alipokelewa Malindi, na kwa karibu miaka mia moja Malindi ilikuwa mshirika wa Wareno dhidi ya Mombasa. Nguzo ya da Gama ipo ufuoni kwetu hadi leo. Mombasa iliposhindwa, mtawala wa Malindi alihamia huko pamoja na Wareno, ngome ikaanza kujengwa, na Malindi ikaachwa ikififia kwa vizazi kadhaa hadi ilipoinuliwa tena katika karne ya 19 chini ya Sultani Majid wa Unguja. Kwa hiyo wale akina mama walikuwa wamesimama ndani ya jengo lililochangia kudidimia kwa mji wao, na hakuna aliyewaambia. Simu ya dakika tano kabla ya safari ingempa mtembezaji fursa ya kuisimulia habari hiyo, na nina hakika angeifanya vyema.

Kumpa mzee kipaza sauti kulifaulu kwa sababu iliyo karibu na hiyo. Alizungumza kuhusu kitu kilichokuwa mbele ya macho ya watu wakati huohuo, kwa lugha yao, naye alikishika kwa mikono yake zamani. Hata hivyo njia hii ina hatari zake: mzee mwenye mengi ya kusema anaweza kuimeza ratiba, na siku hiyo kwa kiasi fulani aliimeza. Vijana walipendekeza mtu wa namna hiyo atafutwe mapema, apewe kituo kimoja kilicho chake, na mtembezaji abaki na siku nzima. Kipaza sauti kijaribiwe basi likiwa bado Malindi, injini ikinguruma.

Yaliyofuata

Vijana wamechora njia ya ziara ya Malindi inayoanzia jetini wakati wavuvi wanaporudi, si saa maalumu, kwa kuwa upepo na maji kujaa ndivyo vinavyoamua. Kutoka hapo hupita soko la samaki, makaburi ya nguzo karibu na Msikiti wa Ijumaa, kanisa dogo la Wareno ambalo hadithi yake inagusa safari ya Fransisko Xavier ya mwaka 1542, kisha nguzo ya Vasco da Gama, ambapo habari ya ngome ya Mombasa husimuliwa kutoka upande wa pili. Wenye maumivu ya magoti huchukuliwa kwa tuktuk. Mama mmoja muuza samaki, mwanachama wa kikundi, ndiye mwenye kituo cha sokoni, naye hulipwa kwa kila ziara kutoka katika ada ya wageni.

Barua ya kuomba kuingia bandarini imeandikwa upya, ikiwa na majina, nambari za vitambulisho na nafasi iliyoachwa wazi kwa nambari ya gari, kwa ajili ya vijana peke yao. Gari halitakodiwa kabla ya jibu kufika.